Mwongozo Kamili wa Kuainisha Spishi za Kindi Warukao: Kutoka Utando hadi Jina la Kisayansi

Mtu anayeona kwa mara ya kwanza picha ya mnyama mdogo mwenye manyoya, aliyetandaza ngozi ya ubavuni na kuteleza hewani kutoka mti hadi mti, huwa na haraka ya kusema kwamba huyo ni kindi arukaye, na mara nyingi haraka hiyo ndiyo inayozaa makosa yote yanayofuata. Uwezo wa kuteleza hewani umezuka zaidi ya mara moja katika koo za mamalia zisizo na undugu wa karibu, na kwa hiyo ni ushahidi dhaifu wa nasaba. Mwongozo huu umepangwa kwa mfuatano ambao naamini ndio salama zaidi: maungo na mahali hutangulia, fuvu na meno hufuata, vinasaba huamua penye utata, na rangi ya manyoya husubiri mpaka maswali mengine yote yawe yamejibiwa.

Kindi warukao wa kweli ni wa kabila la Pteromyini, lililo ndani ya nusufamilia ya Sciurinae, familia ya Sciuridae, oda ya Rodentia, ngeli ya Mammalia. Kabila hilo lina jenasi zipatazo 15 na spishi zipatazo 50, na idadi hiyo imekuwa ikipanda. Vitabu vya zamani vitakuonyesha nusufamilia nzima iliyotengwa kwa ajili yao peke yao, kana kwamba walijitenga na kindi wengine tangu mwanzo. Mpangilio huo uliachwa baada ya uchunguzi wa vinasaba, hasa ule uliochapishwa mwaka 2003, kuonyesha kwamba wamechipuka ndani ya ukoo wa kindi wa miti. Matokeo yake ni kwamba kindi arukaye wa Japani yuko karibu zaidi kiukoo na kindi wa kijivu wa Marekani kuliko kindi wa miti tunaowaona Afrika Mashariki, wa jenasi Paraxerus na Heliosciurus, ambao wamo katika nusufamilia nyingine, Xerinae.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni kindi

Chukua mkono wa mbele wa kielelezo, au kuza picha iliyopigwa mnyama akiwa hewani, kisha utafute mahali ukingo wa mbele wa utando unapoanzia. Kwa kindi warukao, gegedu refu na jembamba hutokeza kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Mnyama anapojirusha hulinyoosha kwa nje, na ncha ya utando hupanuka na kupinda juu kidogo. Gegedu hilo la kifundoni ni alama ya kabila zima, na ukiliona hapo umemaliza sehemu kubwa ya kazi ya hatua hii.

Ukilikuta gegedu kwenye kiwiko badala ya kifundo, mnyama uliye naye si kindi hata kidogo. Huyo ni wa familia ya Anomaluridae, ambayo ni ya Afrika peke yake, na hapa ndipo wasomaji wa Afrika Mashariki wanapopaswa kuwa makini kuliko wengine, kwa sababu Afrika haina hata spishi moja ya Pteromyini. Mnyama anayeitwa kindi arukaye katika taarifa za misitu ya Kongo, Uganda au Tanzania kwa kawaida ni Anomalurus derbianus au mmoja wa jamaa zake. Mgeuze uangalie chini ya shina la mkia: utakuta safu mbili za magamba yaliyochongoka, ambayo humsaidia kushikilia gome la mti asiporomoke. Kindi hana magamba hayo. Kisha hesabu meno. Kindi warukao wana meno 22, kwa kuwa kila upande wa taya ya juu una magego ya awali mawili, lakini Anomalurus ana meno 20, kwa kuwa ana gego la awali moja tu kila upande. Tundu lililo mbele ya jicho katika fuvu lake ni kubwa, na sehemu ya msuli wa kutafunia hupitia humo, jambo lisilotokea kwa kindi. Ndugu yake wa karibu aliye hai, nje ya kundi lake mwenyewe, ni kamendegere, yule mgugunaji wa nchi kavu anayeruka kwa miguu ya nyuma. Sura zao hazikuashirii lolote kuhusu undugu huo.

Wanyama wenye mfuko wa Australia na Guinea Mpya huondolewa kwa urahisi zaidi. Wagugunaji wana jozi moja tu ya meno ya mbele katika taya ya juu, wakati hawa wana jozi tatu, na kwa wale wa jenasi Petaurus utando huanzia kwenye kidole cha tano cha mkono bila gegedu lolote la kuutegemeza. Kinachowatatiza wengi ni majina: Petaurus na Petauroides ni wa Australia na eneo lake, lakini Petaurista ni kindi mkubwa wa Asia. Herufi chache tu ndizo zinazotenganisha ngeli ndogo mbili za mamalia, na nimeona maelezo ya picha yaliyoteleza hapo bila mwandishi kushtuka. Kolugo wa Asia ya Kusini-Mashariki, wa oda ya Dermoptera, hahitaji maneno mengi: utando wake unafika shingoni, katikati ya vidole na hadi ncha ya mkia.

Uzito wa mifupa ya kifundo cha mkono kama ushahidi ulionekana vizuri kwenye kisukuku kilichopatikana katika jaa la taka la Can Mata, karibu na Barcelona. Mwaka 2002 wachimbaji walikuta mkia na mifupa ya mapaja ya mnyama mkubwa kiasi cha kuwafanya wadhani kwamba huenda alikuwa wa oda ya nyani. Vipande vingine vilipoendelea kusafishwa ikaja mifupa midogo ya kifundo cha mkono, nayo ilikuwa na umbo linalopatikana kwa kindi warukao tu. Mnyama huyo, Miopetaurista neogrivensis, aliishi takriban miaka milioni 11.6 iliyopita, na maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 2018. Mkia mrefu ulikuwa umesema jambo moja, na mfupa mdogo wa kifundoni ukasema jambo la kweli.

Hatua ya pili: anza na ramani

Ukishajua kwamba una Pteromyini, usikimbilie manyoya. Uliza mnyama alipatikana wapi, kwa sababu mahali peke yake huweza kupunguza jenasi 15 hadi moja. Amerika Kaskazini, pamoja na makundi yaliyotengana ya Mexico, Guatemala na Honduras, kuna jenasi Glaucomys tu. Kuanzia Finland na Estonia, kupitia misitu ya Urusi, hadi kisiwa cha Hokkaido, kuna Pteromys volans. Katika visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu vya Japani kuna wawili tu, Pteromys momonga aliye mdogo na Petaurista leucogenys aliye mkubwa, na hakuna anayeweza kuwachanganya hao akiwa amewaona.

Mambo huwa magumu kwenye Himalaya, kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki, ambako jenasi nyingi hukutana. Borneo peke yake ina Petaurista, Aeromys, Hylopetes, Petinomys, Iomys, Pteromyscus na Petaurillus. Kielelezo cha huko kisichoandikwa mahali kilipotoka kimepoteza nusu ya thamani yake, na kwa maoni yangu ni bora kukiachia ngazi ya kabila kuliko kukibandika jina la spishi kwa kubahatisha.

Hatua ya tatu: ukubwa na umbo la mkia

Vipimo vinavyochukuliwa kwa kawaida ni urefu wa kichwa na mwili, urefu wa mkia, urefu wa mguu wa nyuma na urefu wa sikio, pamoja na uzito. Tofauti za ukubwa katika kabila hili ni kubwa mno. Petaurillus wa Borneo na rasi ya Malaya ana mwili wa takriban sentimita 8, ilhali Eupetaurus wa milima ya Himalaya na maeneo ya jirani hufikia uzito wa kilo 2.5 na urefu wa karibu mita moja ukijumlisha mkia.

Mkia huenda sambamba na ukubwa huo. Spishi ndogo, kama zile za Glaucomys, Pteromys na Hylopetes, zina mkia bapa, wenye nywele zilizopangika kulia na kushoto kama unyoya wa ndege. Spishi kubwa, kama zile za Petaurista, Aeromys na Eupetaurus, zina mkia wa mviringo uliojaa manyoya pande zote, na aghalabu utando wa ziada unaounganisha mapaja na shina la mkia. Angalia utando huo wa nyuma kabla ngozi haijakauka, kwa sababu ikikauka hujikunja na kuonekana kana kwamba haukuwapo.

Hatua ya nne: meno na fuvu huamua jenasi

Kwa wakubwa na wa wastani, kinywa hueleza mengi. Aeretes wa China ana mfereji kwenye uso wa mbele wa meno yake ya juu ya mbele, alama unayoweza kuihisi kwa ukucha. Trogopterus, pia wa China, na Belomys wana magego yenye mikunjo mingi na vijibonde. Huyo wa kwanza ndiye ambaye kinyesi chake hukusanywa na kuuzwa kama dawa ya asili ya Kichina. Eupetaurus ana magego marefu yenye uso bapa, kwa kuwa chakula chake kikubwa ni majani ya misonobari, ambayo hulisaga jino bila huruma.

Ugumu uko kwa Hylopetes na Petinomys, wadogo wa Asia wanaofanana kwa nje kiasi cha kuwachosha hata wataalamu. Hapa lazima ugeuze fuvu na kuangalia upande wa chini, kwenye vifuko vya mfupa vinavyofunika sikio la kati, kwa kuwa umbo lake na idadi ya kuta ndogo zinazovigawa kwa ndani ndivyo vinavyowatenganisha. Mfupa wa uume nao husaidia sana kwa madume, na wakusanyaji wengi wa zamani waliutupa pamoja na nyama. Eoglaucomys fimbriatus wa Kashmir na maeneo ya jirani aliwekwa kwa muda mrefu ndani ya Hylopetes, hadi uchunguzi wa mifupa kama hii ulipomrudisha kwenye jenasi yake mwenyewe.

Hatua ya tano: kutoka jenasi hadi spishi, kwa mfano wa Glaucomys

Mfano wa Amerika Kaskazini unafaa kujifunzia kwa sababu jenasi ni moja na spishi ni tatu tu, lakini tatu hizo zinagusa karibu kila tatizo la uainishaji. Glaucomys volans anaishi mashariki ya Marekani na kusini mashariki mwa Kanada, na kwa kawaida ana uzito chini ya gramu 90. Glaucomys sabrinus anaenea katika misitu ya kaskazini na huwa mkubwa zaidi. Uzito wa mnyama mchanga wa sabrinus, hata hivyo, huweza kulingana na wa volans aliyekomaa, kwa hiyo mizani haitoshi.

Jaribio la uhakika ni la kupuliza. Mlaze mnyama chali, pulizia manyoya ya tumbo taratibu mpaka yagawanyike na uone mahali nywele zinapotoka kwenye ngozi, kisha uangalie rangi ya nywele moja kuanzia shina hadi ncha. Nywele za volans ni nyeupe kuanzia shinani. Za sabrinus ni nyeupe au za rangi ya maziwa nchani, lakini shinani ni za kijivu. Ukitazama tumbo juu juu tu, wote wawili wanaonekana weupe. Fanya jaribio hilo katika sehemu mbili au tatu za tumbo, penye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya manjano huufanya weupe wowote uonekane umechafuka.

Kuna pia jambo la kupendeza lisilosaidia kutofautisha. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa kwamba manyoya ya spishi zote tatu za Glaucomys hung'aa rangi ya waridi yakimulikwa kwa miali ya urujuanimno. Kwa kuwa zote tatu zinang'aa, taa hiyo itakupa picha nzuri tu, isikuambie ni spishi ipi.

Hatua ya sita: wakati vinasaba vinapohitajika

Spishi ya tatu, Glaucomys oregonensis, haikutambuliwa kwa kupuliza manyoya. Kwa miongo mingi wanyama wa pwani ya Pasifiki, kuanzia kusini mwa British Columbia hadi kusini mwa California, walihesabiwa kuwa sabrinus. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha DNA ya mitokondria na ile ya kiini cha seli, na ukaonyesha kwamba wanyama hao wametengana na sabrinus kwa zaidi ya miaka milioni moja. Kilichotia nguvu hoja hiyo zaidi ya umri wa mgawanyiko ni kwamba katika maeneo machache ambako aina hizo mbili zinaishi pamoja hazikuonekana dalili za kuzaliana.

Linganisha na hali ya mashariki. Huko volans na sabrinus, ambao hakuna anayebisha kwamba ni spishi mbili, wamekutwa wakizaa machotara, na hilo limehusishwa na kusogea kwa volans kuelekea kaskazini kadiri majira ya baridi yanavyopungua ukali. Hapa unaona kwamba kipimo cha kuzaliana hakitumiki kama msumeno wa kukata huku na huku: machotara wachache hawafuti mpaka wa spishi, lakini kutokuwapo kabisa kwa machotara mahali pa kukutania ni ushahidi mzito. Ukichukua sampuli ya kipande cha sikio au nywele zenye mizizi, omba ipimwe kwa vinasaba vya kiini pia, kwa sababu DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake na chotara atakuonekania kama mama yake.

Sampuli za zamani nazo zina kazi. Eupetaurus cinereus, aliyepewa jina mwaka 1888, alibaki spishi pekee ya jenasi yake hadi mwaka 2021, ambapo vielelezo vya makumbusho, vingine vikiwa vimekaa kabatini kwa miaka mingi, vilichunguzwa upya kwa fuvu na DNA na kutoa spishi mbili zaidi, E. tibetanus na E. nivamons. Hali ya Biswamoyopterus ni ya ajabu zaidi. Spishi ya kwanza, B. biswasi, ilielezwa mwaka 1981 kwa kielelezo kimoja kutoka Namdapha, kaskazini mashariki mwa India. Ya pili, B. laoensis, ilitangazwa mwaka 2013 kutokana na mnyama aliyekutwa kwenye soko la nyama ya porini nchini Laos. Ya tatu, B. gaoligongensis, ilitangazwa mwaka 2019 kutoka Yunnan, China, baada ya mtafiti kukuta kielelezo katika makumbusho ya Kunming kilichoandikwa jina lisilo lake. Ukipewa nafasi ya kufungua droo za makumbusho, usiiamini lebo kuliko fuvu.

Petaurista ndiyo jenasi ninayomshauri anayeanza kuisogelea kwa tahadhari kubwa. Rangi zake hubadilika mno ndani ya eneo moja na kati ya bonde na bonde, na spishi kadhaa zimetangazwa kwa rangi na madoa bila vinasaba vya kutosha. Ndiyo maana orodha mbili zinazoheshimika huweza kutofautiana sana kuhusu idadi ya spishi zake, na ndiyo maana jina la spishi ya Petaurista lisilotajiwa orodha iliyofuatwa halina maana kamili.

Hatua ya saba: jina sahihi

Jina huamuliwa kwa kanuni ya utangulizi: jina la zamani zaidi lililochapishwa kihalali ndilo linalobaki. Wanyama wa pwani ya Pasifiki walipotengwa mwaka 2017 hawakutungiwa jina jipya, kwa kuwa mtaalamu wa wanyama Bachman alikuwa amekwisha kuwaita oregonensis mwaka 1839, na jina hilo lilifufuliwa. Mabano nayo yana kazi. Glaucomys sabrinus (Shaw, 1801) huandikwa hivyo kwa sababu Shaw, aliyempa jina la spishi mwaka huo, alimweka katika jenasi nyingine, na mabano hutoa taarifa ya kuhamishwa huko. Mtu anayeondoa mabano kwa kudhani ni mapambo amepotosha historia ya jina.

Angalia pia jina la spishi linalojirudia. Linnaeus, mwaka 1758, alimwita kindi arukaye wa Amerika Mus volans, akimweka pamoja na panya, na yule wa Ulaya na Asia Sciurus volans, akimweka pamoja na kindi. Leo ni Glaucomys volans na Pteromys volans, na kifupisho kama "G. volans" au "P. volans" kinaruhusiwa tu baada ya jina kamili kutajwa mara ya kwanza.

Nususpishi zisipuuzwe, kwa sababu sheria za uhifadhi huzitazama. Mwaka 1985 Marekani iliingiza nususpishi mbili za sabrinus wa milima ya Appalachia, coloratus na fuscus, katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ya pili iliondolewa mwaka 2013, ya kwanza imebaki. Nayo californicus ya kusini mwa California ilihama pamoja na wenzake wa pwani, na sasa ni nususpishi ya oregonensis.

Hatua ya nane: kuandika kumbukumbu

Andika kwanza mahali, tarehe, mwinuko na aina ya msitu, kisha vipimo vyote hata vile visivyokusaidia, kisha jinsia na umri. Baada ya hapo andika jina la ngazi ya chini kabisa unayoweza kuitetea, orodha ya uainishaji uliyoifuata pamoja na mwaka wake, na sifa zilizokufikisha hapo kwa mfuatano ulivyoziona. Kwa mnyama wa jimbo la Washington aliyepigwa picha tu, bila nywele wala sampuli, kumbukumbu ya kweli ni Glaucomys, na chini yake maelezo kwamba sabrinus na oregonensis wote wanapatikana katika jimbo hilo na kwamba picha haiwezi kuwatenganisha. Mtafiti atakayekuja na vinasaba ataweza kukamilisha jina hilo; jina lililokamilishwa kwa kubahatisha atalazimika kwanza kulifuta.